PDG wa Tokyo na PDG wa Shimo: Mabadiliko ya Uongozi Sony na Koltani ya Masisi

Kampuni ya Sony iliunda kitengo chake cha michezo ya video, Sony Computer Entertainment, Novemba 1993. Ken Kutaragi, mhandisi anayetambuliwa kuwa baba wa PlayStation, alikuwa rais wake kuanzia 1999. Mwishoni mwa 2006 alimwachia Kazuo Hirai urais, na Juni 2007 akastaafu. Andrew House alishika usukani Septemba 2011, John Kodera Oktoba 2017 na Jim Ryan Aprili 2019. Ryan alipoondoka mwaka 2024, Hiroki Totoki alikaimu kwa miezi miwili. Juni mwaka huohuo madaraka yakagawanywa kati ya Hideaki Nishino na Hermen Hulst, kisha Aprili 2025 Nishino akawa mkuu pekee wa kitengo, ambacho tangu 2016 kinaitwa Sony Interactive Entertainment.

Nchini Kongo mtu mwenye cheo kama hicho huitwa PDG, kifupi cha Kifaransa cha rais na mkurugenzi mkuu. Katika migodi ya Walikale na Masisi, katika Kivu ya Kaskazini mashariki mwa nchi, herufi hizohizo zina mwenyewe mwingine: PDG ni mwenye shimo. Ndiye anayelisha wachimbaji kabla jiwe halijaonekana, ananunua nyundo, patasi na tochi, analipa ushuru wa kila mwenye bunduki au muhuri, na mwisho wa yote anagawana mzigo na watu wake. Kati ya PDG hawa wawili kuna mnyororo mrefu wa biashara, na swali la makala haya ni moja: je, anapobadilika PDG wa juu, kuna kitu kinachobadilika kwa PDG wa chini?

Dai linalopingwa

Tangu miaka ya 2000 limezoeleka dai kwamba PlayStation ndiyo iliyowasha moto wa koltani mashariki mwa Kongo, na wengine wameviita vita vile kwa jina la mashine hiyo. Dai hilo lina sura mbili. Ya kwanza ni ya lawama: uongozi wa Sony wa mwaka 2000 ulitengeneza PlayStation 2, madini yakapanda bei, watu wakafa. Ya pili ni ya matumaini: akija mkuu mwenye dhamira, minyororo itasafishwa na Masisi itapumua. Zote mbili zinasimama juu ya imani ileile, kwamba hatima ya kilima iko mkononi mwa mtu mmoja aliye ofisini mbali.

Kwamba koltani ilichangia kugharamia makundi yenye silaha hakuna anayebisha. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ililieleza hilo kwa upana. Ubishi unaanza kwenye chanzo na uzito. Séverine Autesserre alionyesha mwaka 2012 jinsi simulizi rahisi ya madini ilivyofunika migogoro ya ardhi na ya utawala wa wenyeji. Michael Nest, katika kitabu chake *Coltan* cha 2011, alipunguza sana sehemu ya Kongo katika soko la dunia la wakati ule. Christoph Vogel, mwaka 2022, aliikosoa sera iliyozaliwa na simulizi hiyo. Wote watatu wana hoja nzito, lakini waliishughulikia zaidi picha ya Kongo kuliko ile ya kampuni. Sehemu ya pili ya simulizi, yaani kiongozi wa mbali mwenye uwezo wa kuharibu na kuponya, imebaki bila kupimwa.

Mchanga mweusi na kapasita

Koltani inapotoka shimoni ni udongo na mawe. Huoshwa kwa maji kwenye mfereji au karai. Udongo mwepesi huchukuliwa na maji, na chini hubaki mchanga mweusi, mzito kuliko unavyoonekana. Ndani yake mna tantalamu, metali inayostahimili joto kali na yenye uwezo wa kuhifadhi chaji nyingi katika nafasi ndogo. Katika bodi za vifaa vya mwaka 2000 tantalamu ilionekana kama kapasita: kijipande cha rangi ya njano au nyeusi kinachokaribia ukubwa wa punje ya mchele, chenye mstari upande wa chanya.

Kutoka karai hadi bodi madini hupita mikono mingi: mchimbaji, mwenye shimo, mchuuzi, nyumba ya ununuzi ya Goma au ya ng'ambo ya mpaka, kiwanda cha kusafisha, mtengenezaji wa kapasita, muunganishaji wa bodi, na mwisho kabisa kampuni yenye jina juu ya boksi. Jambo hili hutajwa kila mara na kusahauliwa mara hiyohiyo. Sony hainunui koltani, inanunua vipuri. Uamuzi wa ofisi yake hufika Masisi baada ya kugeuzwa kuwa oda, oda kuwa bei, na bei kuwa neno la mchuuzi kando ya barabara. Kila hatua huufifisha uamuzi ule wa awali.

Mtihani wa mwaka 2000

Kama kuna kipindi ambacho uongozi wa kampuni ya michezo ungeonekana kuitikisa Masisi, ni mwaka 2000. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000 na Marekani tarehe 26 Oktoba. Katika mwaka huohuo bei ya tantalamu katika soko la papo kwa papo ilipanda mara kadhaa na kufikia kilele mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2001 ikaporomoka. Wanaolaumu PlayStation wanategemea ulingano huu wa tarehe. Ukichunguzwa kwa karibu, unawageuka.

Kwanza, idadi. Kufikia Machi 2001 Sony ilikuwa imesafirisha PlayStation 2 zipatazo milioni 10. Mwaka 2000 peke yake dunia iliuza simu za mkononi zaidi ya milioni 400, mbali na kompyuta na mitambo ya mawasiliano. Hata mashine moja ya michezo ikihesabiwa kuwa na kapasita nyingi kuliko simu kadhaa, mzani hauwezi kulalia upande wake.

Pili, mwelekeo. Mwishoni mwa Septemba 2000 Sony ilitangaza kwamba mzigo wa siku ya uzinduzi Marekani ungekatwa nusu, kutoka mashine milioni moja hadi laki tano, kwa sababu ya uhaba wa vipuri. Kama mashine hiyo ndiyo ingekuwa inaivuta bei, kupungua kwake kungeilegeza. Bei iliendelea kupanda hadi Desemba. Sony haikuwa mpanda farasi. Ilikuwa mmoja wa waliokuwa wakikanyagwa na farasi.

Tatu, chanzo. Sehemu kubwa ya tantalamu ya miaka ile iliuzwa kwa mikataba ya muda mrefu. Mzalishaji mkubwa kuliko wote alikuwa Sons of Gwalia wa Australia, aliyeviuzia viwanda viwili vya kusafisha, Cabot na H.C. Starck. Waliokosa mikataba waliingiwa na hofu, wakaagiza kuliko walichohitaji na kurundika ghalani. Hofu hiyo ilitua kwenye soko dogo la papo kwa papo, na koltani ya Kivu ilipitia huko. Kwa hiyo bei iliyofika Masisi ilikuwa bei ya woga wa wanunuzi wa kati, na haikuwa tafsiri ya mpango wa mtu yeyote aliyekaa Tokyo.

Nne, na hapa ndipo ushahidi unapokuwa na nguvu zaidi, kuna mabadiliko ya uongozi yaliyogusa koltani mwaka huo, ila yalitokea Goma. Oktoba 2000 Adolphe Onusumba alichukua nafasi ya Émile Ilunga katika uongozi wa RCD-Goma, kundi lililotawala Masisi wakati huo. Novemba RCD ikaipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kuuza koltani nje, nayo RCD ikatoza ushuru kwa kila kilo. Miezi michache baadaye, bei ilipoanguka, ukiritimba ukafutwa. Haitoshi kusema kwamba mtu mpya ndiye aliyeleta sera mpya, kwa kuwa vita vilikuwa na njaa ya fedha bila kujali nani anaongoza. Lakini uamuzi wa Goma ulifika shimoni ndani ya wiki chache, ukiwa na kiasi maalumu cha ushuru na mtu wa kuukusanya. Hakuna uamuzi wa Sony uliowahi kufika hivyo.

Orodha mbili za tarehe

Zikiwekwa sambamba tarehe za Sony na tarehe za Masisi, hali inajirudia. Juni 2007 Kutaragi alistaafu. Katika Masisi, iliyokuwa kwa sehemu kubwa chini ya CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, hakuna kilichoweza kuhusishwa na tukio hilo. Januari 2009 Nkunda alikamatwa nchini Rwanda na Bosco Ntaganda akashika nafasi yake. Ndani ya majuma wapiganaji wa CNDP waliingizwa jeshini, na makamanda wao wakapata nafasi rasmi kwenye barabara na migodi ambayo hapo awali waliigombania. Kwa wakazi wa Nyabiondo, katika sekta ya Osso-Banyungu, kwenye njia itokayo Masisi-kati kuelekea Walikale, mabadiliko hayo yalimaanisha operesheni mpya za kijeshi na upinzani mkali wa APCLS, kundi lenye silaha la Janvier Karairi, iliyojikita kati ya Nyabiondo na Lukweti.

Mwaka 2024 unatoa mfano ulio karibu zaidi. Tarehe 30 Aprili waasi wa M23 waliiteka Rubaya, eneo la migodi ya koltani huko Masisi. Tarehe 1 Juni Nishino na Hulst walianza kazi. La pili liliandikwa katika kurasa za biashara duniani kote. La kwanza ndilo lililobadilisha nani anatoa vibali vya kuchimba na kununua: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 ilikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya.

Nyabiondo inafaa kutazamwa kwa sababu uongozi wake unaonekana kwa macho. Unakaa kwenye bariera: mti au kamba iliyovutwa barabarani, kibanda, na karatasi ndogo inayoitwa jetoni, ambayo aliyelipa huihifadhi mfukoni asije akalipishwa tena. Mwaka 2017 utafiti wa taasisi ya IPIS ulihesabu vizuizi vya aina hiyo 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mwenye gunia la maharage husimama pale kama mwenye mfuko wa koltani. Mtafiti Peer Schouten yuko sahihi anaposema kwamba mamlaka katika eneo hili hujengwa juu ya njia kuliko juu ya migodi. Akibadilika anayemiliki kamba, kila anayepita hujua siku hiyohiyo.

Pingamizi mbili

Inaweza kusemwa kwamba Kutaragi hakuwa meneja wa kawaida: alikuwa mhandisi, na mashine ilikuwa wazo lake. Hilo ni kweli, lakini PlayStation 2 iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa 2012, chini ya Kutaragi, Hirai na House. Mashine ileile ilipita kwa wakuu watatu, huku bei ya tantalamu ikipanda na kushuka kwa sababu zake yenyewe. Kubwa kati ya hizo ilikuwa kufungwa kwa mgodi wa Wodgina, Australia, mwishoni mwa 2008, kulikohamishia uzito wa soko Afrika ya Kati. Uamuzi huo haukutoka kwenye meza ya kampuni yoyote ya michezo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kampuni zimebadilika. Tangu 2014 Sony, kama kampuni nyingine zilizoandikishwa kwenye masoko ya Marekani, imetoa ripoti za madini ya migogoro. Lakini wajibu huo ulitokana na kifungu cha 1502 cha sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya Julai 2010, na umepita salama kutoka kwa House hadi Kodera, Ryan na Nishino. Sheria imeibana ofisi, haikumngoja mwenye ofisi. Tena ripoti hizo huorodhesha viwanda vya kusafisha. Hazimtaji PDG wa shimo wala bariera aliyopitia. Septemba 2010, miezi miwili baada ya sheria kusainiwa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Aliyeumia kwanza ni yule aliyekuwa amekwisha kukopa ili kulisha wachimbaji wake.

Hitimisho

Ushahidi huu hauwezi kuthibitisha kwamba wakuu wa kampuni za michezo hawana wajibu. Unaonyesha kwamba wajibu wao hauko katika utu wao, na kwamba kubadilishana kwao vyeo ni kipimo kibovu cha mabadiliko. Penye athari, athari ilipitia mambo matatu: sheria inayodumu kuliko mtu, mkataba wa ununuzi unaodumu kuliko bei, na jina la anayekusanya ushuru njiani. Sera inayotaka kuifikia Masisi ianzie hapo: imbane mnunuzi wa kipuri kwa mkataba wa miaka, wenye bei isiyomwangusha mwenye shimo kila soko linapoogopa, na idai ripoti inayotaja barabara pamoja na kiwanda. Huenda sharti hilo likachelewa kutimizwa vita vikiendelea. Hata hivyo mtafiti anayetaka kujua nani anaongoza koltani ya Masisi aanze kwa kusoma jetoni iliyo mfukoni mwa msafiri wa Nyabiondo: muhuri ulio juu yake humtaja mtawala wa siku hiyo, na hadi leo haujawahi kuwa wa Tokyo.