Maua ya Kibindoni

Gauni la mwanamke wa Uingereza katika karne ya 18 kwa kawaida halikuwa na mfuko. Mifuko ilikuwa kitu cha pekee: vipande viwili vya kitani, vyembamba juu na vipana chini, vilivyoning'inia kwenye utepe uliofungwa kiunoni, juu ya gagulo na chini ya gauni. Gauni liliachwa mpasuo kila upande ili mkono upenye. Humo zilikaa sarafu, funguo, mkasi, barua, hata kitu cha kutafuna. Aliyewahi kumwona bibi akikunjua kibindo cha kanga ili atoe noti ataielewa mifuko hii mara moja.

Kinachoshangaza ni nakshi zake. Baadhi ya mifuko iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, imetariziwa maua kwa nyuzi za rangi, mingine kwa sufu, mingine kwa hariri: vikonyo vilivyopinda, majani, maua yaliyochanua. Kazi yote hiyo ya subira ilifunikwa na gauni. Mpita njia hakuiona.

Lakini mfuko huo ulikuwa wa nani? Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke alipoolewa, fedha na vitu vyake vya kubebeka vilikuwa mali ya mumewe. Mwizi alipokata utepe na kesi ikafika Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, hati ya mashtaka ilimtaja mume kuwa mwenye mali, ingawa mfuko ulikatwa kiunoni mwa mke. Hata hivyo, aliyesimama kueleza ndani mlikuwa na nini mara nyingi alikuwa mke. Yeye ndiye aliyejua.

Mwishoni mwa karne hiyo magauni yalibana, na kipochi cha mkononi kikaanza kuchukua nafasi ya mifuko ile. Sheria ilichelewa zaidi. Mwaka 1870 mke aliruhusiwa kumiliki mshahara wake. Haki ya kumiliki mali yake kwa ujumla ilikuja na sheria ya 1882.

Ndiyo maana siyaoni maua yale kuwa pambo tu. Mifuko mingine imeshonwa herufi za mwanzo za jina la mwanamke aliyeivaa. Mahakama iliandika jina la mume kwa wino. Mke aliandika lake kwa uzi, mahali ambapo mkono wake ulipita kila siku.