Sanaa ya karatasi: Jinsi taka zinavyogeuzwa mapambo na riziki

KARATASI ambayo wengi huikunja na kuitupa jaani baada ya kuitumia siku moja ni mali ghafi yenye thamani kwa fundi anayejua kuiunda upya. Gazeti la jana, daftari lililojaa, trei ya mayai na hata shina la mgomba lililokwisha kuzaa vyaweza kugeuzwa kuwa kadi za arusi, majalada ya vitabu, shanga, vifuniko vya taa na wanasesere wa watoto.

Sanaa hii haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji maji, subira, mikono yenye utulivu na jicho linaloweza kuona ndege au samaki mahali ambapo wengine wanaona uchafu.

Asili ya karatasi

Neno karatasi lenyewe limesafiri mbali. Waswahili walilipata kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu walilirithi kutoka kwa Wayunani. Ufundi wenyewe, hata hivyo, ulianzia China. Wanahistoria humtaja Cai Lun, ofisa wa kasri la mfalme, ambaye mnamo mwaka wa 105 aliwasilisha karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Uchimbuaji wa makavazi umeonyesha kwamba karatasi duni zaidi ilikuwapo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeuboresha ufundi huo.

Katika karne ya 8 ufundi huo ulifika Samarkand, na kabla ya karne hiyo kumalizika karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Kutoka huko ulienea Misri, Andalusia na baadaye Italia.

Katika pwani ya Afrika Mashariki karatasi ilifika kwa vyombo vya biashara. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, ulisifika kwa waandishi walionakili Kurani kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi, juu ya karatasi zilizotoka ng'ambo. Kwa hivyo ushirika wa Mswahili na karatasi iliyopambwa ni wa kale.

Ni vyema kutofautisha karatasi na mafunjo. Wamisri wa kale walikata mafunjo vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana na kuvishindilia vikashikana. Mafunjo hayo bado huota kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Karatasi halisi hutokana na nyuzi zilizopondwa zikatawanyika kabisa ndani ya maji, kisha zikachujwa kwa pamoja.

Kwa nini karatasi hushikana bila gundi

Ukuta wa seli za mimea una kitu kiitwacho selulosi. Nyuzi za selulosi zinapopondwa ndani ya maji, hulainika na kuchanua kwenye ncha. Maji yanapokauka, nyuzi hizo husogeleana na kuvutana zenyewe. Hiyo ndiyo sababu fundi anaweza kupata karatasi imara bila kutia tone la gundi.

Hata hivyo, kila mara karatasi inaposagwa upya nyuzi zake huwa fupi zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba nyuzi zaweza kutumika tena mara tano hadi saba kabla hazijaishiwa na nguvu. Fundi mwerevu huchanganya karatasi kuukuu na nyuzi mpya za mmea ili kazi yake idumu.

Hatua za kutengeneza

Hatua ya kwanza ni kurarua karatasi vipande vidogo vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, baada ya kuondoa pini, plastiki na gundi. Karatasi inayong'aa ya majarida haifai sana kwa sababu imepakwa udongo mweupe unaodhoofisha rojo. Vipande hivyo hulowekwa usiku kucha.

Asubuhi husagwa kwa mashine ya kusagia matunda, maji yakiwa mengi na karatasi chache, au hutwangwa kwenye kinu hadi viwe kama uji mwepesi. Rojo hiyo humiminwa katika karai pana lenye maji na kukorogwa kwa mkono.

Fundi huwa na fremu mbili za mbao zenye kipimo kimoja. Ya kwanza hupigiliwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Ya pili huwekwa juu yake ikiwa tupu, ili kuzuia rojo isimwagike pembeni. Fremu hizo huzamishwa ndani ya karai zikiwa zimeinamishwa, hulazwa chini ya maji, kisha huinuliwa zikiwa sawasawa. Papo hapo hutikiswa kidogo kulia na kushoto, mbele na nyuma, ili nyuzi zifumane. Anayetikisa baada ya maji kuchuruzika hupata karatasi yenye matundu.

Fremu ya juu huondolewa, na ile yenye wavu hupinduliwa juu ya kitambaa kilicholowa. Sponji hupitishwa nyuma ya wavu kufyonza maji, na wavu huinuliwa polepole ukiiacha karatasi kwenye kitambaa. Karatasi kadhaa zikipangwa moja juu ya nyingine, kila moja na kitambaa chake, hushindiliwa kati ya mbao mbili kwa mawe mazito. Kisha huanikwa kivulini. Jua kali huzikunja kingo.

Anayetaka madoido hutia maua makavu, nyuzi za rangi au maganda ya vitunguu ndani ya rojo. Anayetaka kuandikia kwa wino hutia wanga kidogo wa muhogo, ili wino usitapakae.

Rojo ikikaa siku kadhaa huvunda, kwa hivyo inayobaki yafaa kukamuliwa na kukaushwa kama vidonge. Kamwe isimwagwe katika sinki, maana huziba mabomba.

Mgomba, magugu na kinyesi cha ndovu

Mimea mibichi huhitaji kazi zaidi. Shina la mgomba hukatwa vipande vifupi na kuchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na magadi, chumvi ile ile ambayo akina mama huitumia kulainisha maharagwe na mboga. Magadi huyeyusha utomvu unaozigandisha nyuzi. Baadaye nyuzi huoshwa mpaka maji yatoke safi, kisha hutwangwa. Ni muhimu kuvaa glavu na kuchemshia nje, kwa kuwa maji hayo huchoma ngozi na macho.

Katika Ziwa Victoria, gugumaji lenye asili ya Amerika Kusini limekuwa kero tangu miaka ya 1990. Hali ya hewa ikiliruhusu, gugu hilo laweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili au pungufu, likawafungia wavuvi njia. Mafundi wa Kisumu wamelitumia kutengeneza karatasi, kadi na samani za kusuka. Kazi ya mikono pekee haiwezi kulimaliza gugu hilo ziwani, lakini humpa faida mtu aliyekuwa akipata hasara tupu.

Katika kaunti ya Kwale, hifadhi ya jamii ya Mwaluganje, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 na wakulima waliotoa mashamba yao ili ndovu wapate njia, imejulikana kwa karatasi inayotokana na kinyesi cha ndovu. Ndovu hula majani na magome kwa wingi, lakini tumbo lake halisagi hata nusu ya chakula hicho. Kinachotoka kimejaa nyuzi ambazo tayari zimetafunwa. Huoshwa, huchemshwa ili kuua vijidudu, na karatasi inayopatikana haina harufu. Kwa mkulima ambaye mahindi yake yamewahi kuvamiwa na mnyama huyo, kuona hata kinyesi chake kikileta shilingi ni hoja ya kumvumilia.

Waliotangulia katika sanaa hii

Anayetafuta mawazo mapya hana haja ya kusubiri ndoto. Historia ina watu waliogeuza mchezo wa karatasi kuwa kazi ya heshima.

Hans Christian Andersen wa Denmark (1805-1875), mtunzi wa hadithi za watoto, alikuwa akisimulia huku akikata karatasi kwa mkasi. Hadithi ilipofika tamati aliikunjua karatasi, na wasikilizaji wakaona wachezaji ngoma, kasri na miti ya ajabu. Vipande vyake vingi vimehifadhiwa hadi leo.

Mary Delany wa Uingereza alianza kazi yake kuu mwaka wa 1772, akiwa mjane wa miaka 72. Alikata karatasi za rangi vipande vidogo mno na kuvigandisha kwenye karatasi nyeusi, akiigiza maua halisi kwa usahihi uliowastaajabisha wataalamu wa mimea. Kabla ya macho yake kufifia alikuwa amekamilisha karibu maua 1,000, ambayo yamo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Kweli, ujuzi hauzeeki.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka wa 1941 uliomdhoofisha asiweze kusimama kwa muda mrefu, alishika mkasi na kuanza kukata maumbo kutoka kwa karatasi zilizopakwa rangi. Kitabu chake cha picha hizo, Jazz, kilitoka mwaka wa 1947.

Nchini Japani, Akira Yoshizawa (1911-2005) aliikuza sanaa ya kukunja karatasi bila kuikata, iitwayo origami. Akiwa mfanyakazi wa kiwanda aliitumia kuwafundisha wenzake jometri, na baadaye aliishi kwa kuchuuza vyakula huku akiendelea kukunja. Yeye ndiye aliyebuni mbinu ya kuilowesha karatasi kidogo ili mnyama anayekunjwa awe na mviringo kama aliye hai.

Japani hiyo hiyo ndiko alikotoka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945. Alipougua saratani ya damu alikunja korongo wa karatasi akitumaini kupona. Alifariki mwaka wa 1955 akiwa na miaka 12. Tangu mnara wa watoto ulipozinduliwa Hiroshima mwaka wa 1958, watoto wa mataifa mengi hupeleka huko korongo wao wa karatasi.

Mawazo ya nyumbani

Mkenya ana hazina yake mwenyewe. Nakshi za milango ya Lamu, miji na pindo za kanga, rangi za matatu, tiara zinazorushwa na watoto, na ngano za sungura na fisi zote zaweza kukatwa, kukunjwa au kufinyangwa.

Kwa kuanzia, kichwa cha fisi hutengenezwa kwa kupuliza puto na kulibandika vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji wa unga wa ngano. Tabaka nne au tano hutosha, mradi kila moja ikauke kabla ya nyingine. Puto hupasuliwa, masikio ya kadibodi hubandikwa, na rangi hupakwa.

Shanga ni rahisi zaidi. Karatasi ya rangi hukatwa vipande virefu vya pembetatu, huviringishwa kwenye ujiti kuanzia upande mpana, hugandishwa ncha na kupakwa vanishi. Jijini Kampala, Uganda, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini na kufanya kazi ya kuponda mawe walijipatia kipato kwa shanga za aina hiyo.

Soko na changamoto

Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa Kenya tarehe 28 Agosti 2017, iliwafungulia mafundi mlango wa mifuko na vifungashio vya karatasi. Aidha, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, huwataka wanafunzi kuunda vitu kwa mikono. Wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa. Karatasi kuukuu na uji wa ngano ni jibu moja kwa malalamiko hayo, iwapo mwalimu atakubali kinachopatikana nyumbani badala ya kinachouzwa dukani.

Changamoto ni nyingi. Karatasi ya mkono haiwezi kushindana kwa bei na ya kiwandani, na fundi anayejaribu kufanya hivyo huambulia patupu. Mnunuzi hulipia upekee wake. Vilevile, anayetegemea watalii pekee hubaki hoi wanapokosekana, kama ilivyotokea baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na wakati wa janga la korona mwaka wa 2020. Kadi za arusi, vyeti vya shule na mapambo ya sherehe za mitaani huuzwa kwa wenyeji mwaka mzima.

Anayeanza leo hatapata karatasi nyororo. Ya kwanza huwa nene upande mmoja na yenye tundu upande wa pili. Uzuri wa sanaa hii ni kwamba kazi iliyoharibika haitupwi, bali hurudishwa ndani ya karai, ikakorogwa na kuanzwa upya.