Mifupa ya Pwani na Suala la Asili ya Waswahili

Kila mwalimu wa Kiswahili afundishaye mbali na bahari, awe Bujumbura, Kampala au Bukavu, amewahi kuulizwa na wanafunzi wake: Waswahili ni Waarabu au ni Waafrika? Nyuma ya swali hilo huwa kuna jingine lililo zito zaidi: lugha hii tunayojifunza ni ya Afrika, au ni mali ya wageni waliokuja kwa majahazi? Kwa muda mrefu tumelijibu kwa ushahidi wa lugha, wa magofu na wa tarikh. Sasa umeongezeka ushahidi wa aina nyingine, nao ni wa vinasaba. Yafaa tuuchunguze, tuone unathibitisha nini na unakomea wapi.

Tuanze na wenyeji wenyewe walivyosimulia. Tarikh ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1552, yasema kwamba watawala wa ukoo uliotukuza mji huo walitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi. Masimulizi ya Kilwa yaliyohifadhiwa kwa Kiswahili yanaongeza jambo kubwa: mgeni huyo alimwoa binti wa Mrimba, mzee aliyemkuta kisiwani.

Wataalamu wengi wa enzi ya ukoloni waliishika nusu ya kwanza ya habari hiyo, wakaiacha nusu ya pili. Walipoona misikiti na majumba ya mawe kutoka Lamu hadi Kilwa, walikata shauri kwamba hiyo ni kazi ya Waajemi na Waarabu, na kwamba Mwafrika hakuwa na sehemu ila ya utumishi.

Baada ya uhuru mizani iliinamia upande wa pili. Uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, ulionyesha kwamba mji ulianza na nyumba za miti na udongo, ndipo ukakua hatua kwa hatua hadi kujengwa kwa mawe. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walieleza kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro. Hapo baadhi ya wanachuoni wakaona kwamba habari za Shirazi ni hekaya tu, iliyotungwa na wakubwa wa miji ili wajipatie heshima. Halikuwa jambo dogo, kwani wenyeji wengi wa Unguja na Pemba walijiita Washirazi, na jina hilo lilikuwamo hata katika chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa mwaka 1957.

Mwezi wa Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, ambaye ni mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, David Reich na wenzao. Walichunguza mabaki ya watu 80. Wengi walikuwa wamezikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengine walitoka Makwasinyi, mahali pa bara chini ya mlima Kasigau.

Neno "kinasaba" limetokana na nasaba, na limeteuliwa vema. Kila mtu hurithi vinasaba kwa baba na kwa mama, lakini ziko sehemu mbili zenye njia ya peke yake. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Kwa kuzilinganisha sehemu hizo, mtafiti aweza kujua kama wahenga wa kike na wa kiume walitoka mahali pamoja.

Katika miji ya pwani hawakutoka mahali pamoja. Zaidi ya nusu ya urithi wa wengi wa watu hao ulikuwa wa Kiafrika, nao ulipitia hasa kwa wanawake. Sehemu iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ilizidi nusu, ilitoka Asia, hasa kwa wanaume. Katika sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilikuwa ya Waajemi, na nyingine ya Wahindi. Michanganyiko hiyo ilikwisha anza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500, urithi wa Bara Arabu ndio uliozidi kuingia.

Basi tarikh ya Kilwa haikusema uongo, na wala Waafrika hawakuwa watazamaji katika miji yao. Binti wa Mrimba, aliyesahauliwa na wengi, ndiye anayetufungulia mlango wa kuyaelewa mambo haya. Mgeni alioa katika nyumba za wenyeji, na watoto walikua wakisema lugha ya mama zao. Kama lugha ingefuata damu ya baba, Kiswahili kingejaa Kiajemi. Kumbe maneno ya Kiajemi, kama nanga, bandari na pamba, ni machache kuliko ya Kiarabu, na ngeli zetu na minyambuliko ya vitenzi ni ya Kibantu.

Hata hivyo tusiubebeshe ushahidi huu mzigo usiouweza. Makaburi mengi yaliyochunguzwa pwani yalikuwa ya watu wenye cheo, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi, mkulima na mtumwa hawakusikika sana. Tena, mtu akirudi nyuma vizazi 10 ana nafasi 1,024 za wahenga, hali mitokondria na kromosomu Y humwonyesha wawili tu kati yao. Vivyo hivyo, siku hizi wako wanaopeleka mate yao kwa makampuni ili waambiwe asili yao kwa asilimia. Asilimia hizo ni makadirio, yanayopatikana kwa kulinganisha vinasaba vyao na vya watu waliokwisha pimwa, na palipopimwa wachache jibu huwa hafifu.

Kwa hiyo mwanafunzi akituuliza swali lile, tusimkatie jibu la neno moja. Tumweleze kwamba watu wa miji ile walikuwa na baba wa ng'ambo na mama wa Kiafrika, na kwamba lugha ilikuwa ya nyumbani kwa mama. Kisha tumkumbushe kwamba hakuna kipimo cha mate wala cha mfupa kiwezacho kuonyesha nani ana haki ya kusema Kiswahili. Lugha hii imefika Bukavu, Kampala na Bujumbura kwa kufundishwa na kusemwa, na yeye anayejifunza leo ni mmoja wa warithi wake.