Kickstart: Kwa Nini Emuleta ya Amiga Hukudai Faili la ROM

Watu wengi wanaoanza kuchezea tarakilishi za zamani kwa njia ya emuleta, yaani programu inayoifanya mashine yako ya leo ijifanye mashine nyingine, hukwama mahali pamoja. Unapakua WinUAE au FS-UAE, unachagua Amiga 500 kwenye orodha, unatia mchezo wako, halafu programu inalalamika kwamba haikuipata Kickstart. Mchezo ama unakataa kabisa au unaanza nusunusu kwa ROM mbadala. Unapekua folda yote uliyopakua na hulioni faili linalotakiwa. Emuleta ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, lakini kipande hiki kidogo cha kilobaiti 256 hakimo.

Jibu la haraka ni neno moja: hatimiliki. Jibu refu ni historia ya miaka arobaini hivi. Ukiijua historia hiyo, mipangilio ya ROM haitakusumbua tena, kwa sababu karibu kila jambo la ajabu utakaloliona humo lina kisa chake.

Kazi ya ROM

Tuanze na mashine yenyewe. Ndani ya Amiga kulikuwa na prosesa ya Motorola 68000. Prosesa hii ikiwashwa haijui chochote. Inafanya jambo moja tu: inasoma baiti nane za kwanza kwenye anwani sifuri ya kumbukumbu. Nne za mwanzo zinaiambia rafu ya kumbukumbu ianzie wapi, na nne zinazofuata zinaiambia amri ya kwanza iko wapi. Baada ya hapo inafuata amri moja baada ya nyingine.

Lakini RAM haina kitu umeme unapowaka. Kwa hiyo wahandisi wa Amiga waliweka swichi ya kielektroniki inayoifanya ROM ionekane kwenye anwani sifuri kwa muda mfupi mwanzoni. Prosesa inasoma inachohitaji, inarukia mahali halisi pa ROM, kisha swichi inafunguliwa na RAM inarudi mahali pake. Emuleta huiga mambo haya yote, hatua kwa hatua. Ndiyo maana bila ROM haina la kufanya: imekujengea mwili mzima wa mashine, lakini hakuna aliyeuambia mwili huo uamke.

Na Kickstart haikuwa programu ya kuamshia tu. Ilibeba kiini cha mfumo endeshi chenye uwezo wa kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, pamoja na maktaba za michoro na za madirisha. Michezo na programu ziliita maktaba hizo moja kwa moja.

Flopi ya mwaka 1985

Amiga ya kwanza, ile iliyokuja kuitwa Amiga 1000, ilizinduliwa New York Julai 1985. Tatizo ni kwamba vifaa vilikuwa tayari lakini programu bado. ROM ikishachomwa kiwandani hairekebishiki, na hakuna aliyetaka kuchoma maelfu ya chipu zenye hitilafu. Commodore ikatafuta njia ya kati. Mashine ilikuwa na ROM ndogo sana ambayo kazi yake ilikuwa kuomba flopi. Ukiiwasha, unaonyeshwa picha ya mkono ulioshika diski. Unatia flopi ya Kickstart, nayo inapakiwa kwenye kilobaiti 256 za kumbukumbu maalumu, ambayo baadaye inafungwa isiandikwe tena. Kisha unaombwa flopi ya pili, ya Workbench.

Yaani tangu siku ya kwanza Kickstart ilikuwa faili ambalo mtumiaji alilazimika kulitafuta na kulitia mwenyewe. Unapoihangaikia emuleta leo, unafanya alichofanya mwenye Amiga wa mwaka 1985.

Mwaka 1987 zilitoka Amiga 500 na Amiga 2000, na safari hii Kickstart 1.2 ilikuwa ndani ya chipu. Toleo la 1.3 likafuata mwaka 1988, nalo ndilo ambalo michezo mingi ya zama zile ilitengenezewa. Mwaka 1991 ikaja 2.04 kwenye Amiga 500 Plus, na ukubwa ukapanda hadi kilobaiti 512. Hapo kukazuka kilio. Baadhi ya waandishi wa michezo walikuwa wamepuuza maagizo ya Commodore na kurukia anwani za ndani ya ROM moja kwa moja badala ya kupitia maktaba. ROM ilipobadilika, anwani zile zikawa na kitu kingine, na mchezo ukaanguka. Wenye Amiga 500 Plus wakaanza kununua vibao vidogo vya kushika chipu mbili, chenye swichi ya kuchagua ya zamani au mpya.

Funzo kwa anayepanga emuleta ni kwamba ROM mpya zaidi si lazima iwe bora zaidi. Mchezo wa 1989 upe 1.3. Programu za Amiga 1200, iliyotoka 1992, zipe 3.0 au 3.1.

Kesi iliyofunga mlango

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kizuizi chenyewe hakikuanza na Amiga. Mwaka 1982 kampuni ya Franklin ya Marekani ilitoa tarakilishi iliyoweza kuendesha programu za Apple II. Ili kufanikisha hilo ilinakili programu za mfumo za Apple, zikiwemo zile za ndani ya ROM. Apple ikashtaki. Ilionyesha kwamba hata jina la mmoja wa waandishi wa programu wake lilikuwa limebaki ndani ya nakala za Franklin.

Franklin haikukana kunakili. Hoja yake ilikuwa kwamba msimbo uliochomwa kwenye chipu ni sehemu ya mashine, si maandishi ya kusomwa na binadamu, hivyo hauwezi kulindwa kama kitabu. Mahakama ya kwanza ilisitasita na kukataa kutoa zuio. Lakini Agosti 1983 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba programu inalindwa na hatimiliki iwe ni msimbo anaoandika binadamu au ule unaosomwa na mashine, iwe kwenye karatasi, kwenye diski au ndani ya ROM. Mwaka 1984 kesi ikaisha kwa maelewano, Franklin ikiilipa Apple dola milioni 2.5.

Kwa hiyo ROM ni kazi ya mtu. Huruhusiwi kuigawa bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama mashine yake imeshakuwa takataka.

Njia moja ilibaki wazi: kuandika upya. Ndivyo Compaq ilivyofanya kwa BIOS ya IBM PC. Kundi moja la wahandisi lilichunguza BIOS hiyo na kuandika inachofanya, na kundi la pili, ambalo halijawahi kuuona msimbo wa IBM, likaandika programu mpya kutokana na maelezo hayo. Tarakilishi nyingi tulizokutana nazo maofisini na kwenye saiba zetu ni wajukuu wa kazi ile.

Kampuni ikifa, mali haifi

Commodore ilifilisika Aprili 1994. Mwaka 1995 mali ya Amiga ilinunuliwa na Escom ya Ujerumani, ambayo nayo ilifilisika mwaka 1996. Mwaka 1997 ikaenda kwa Gateway ya Marekani, na baadaye kwa wengine tena. Uuzaji huo ulihamisha haki za aina mbalimbali, na si kila mara karatasi zilikuwa wazi.

Katikati ya vurugu hizo, mwaka 1995, Bernd Schmidt wa Ujerumani alianzisha UAE. Mwanzoni jina hilo lilisomwa kama emuleta ya Amiga isiyotumika, kwa kuwa matoleo ya kwanza hayakuweza hata kuwasha mfumo. Yalipoweza, ikabidi kila mtumiaji alete Kickstart yake. Ukiwa na Amiga halisi, UAE ilikuja na programu ndogo iitwayo transrom ya kuinakili ROM kutoka ndani ya mashine yako mwenyewe. Asiyekuwa na Amiga alipata njia halali mwaka 1997, kampuni ya Cloanto ilipoanza kuuza Amiga Forever, kifurushi chenye ROM zilizolipiwa leseni.

Wengine waliandika upya. Mradi wa AROS ulianza mwaka 1995 kutengeneza mfumo huria unaofanana na wa Amiga, na leo ROM yake ndiyo ile mbadala inayokuja ndani ya WinUAE na FS-UAE. Inafaa kwa mambo mengi. Lakini mchezo unaorukia anwani za Kickstart 1.3 hautazikuta humo.

Mambo hayakuishia hapo. Miaka zaidi ya ishirini baada ya Commodore kufilisika, Cloanto na Hyperion ya Ubelgiji zilipelekana mahakamani Marekani kugombania haki za msimbo huu wa zamani.

Linganisha na ZX Spectrum ya Uingereza, iliyotoka 1982 na ROM ya kilobaiti 16. Amstrad ilinunua biashara ya tarakilishi ya Sinclair mwaka 1986. Mwaka 1999 mashabiki waliuliza kama ROM zile zinaweza kugawiwa pamoja na emuleta. Mfanyakazi wa Amstrad akajibu hadharani kwa niaba ya kampuni: sawa, mradi maandishi ya hatimiliki yasiondolewe na ROM zenyewe zisiuzwe. Haki zikabaki kwa Amstrad, na watu wakapata ruhusa. Ndiyo maana ukipakua Fuse leo, Spectrum inawaka bila kukuuliza lolote.

Kupanga mafaili yako

Ukishapata ROM zako kwa njia halali, ziweke zote kwenye folda moja. Kwenye WinUAE fungua sehemu ya njia za mafaili, onyesha folda hiyo, kisha iambie itafute ROM upya. Jina la faili halina uzito sana, kwa sababu emuleta hupiga hesabu juu ya baiti zote na kulinganisha jibu na orodha ya ROM zinazojulikana.

Isipoitambua, tazama ukubwa kwanza. Kickstart hadi 1.3 ina baiti 262,144 kamili. Kuanzia 2.04 ni 524,288. Ukiona 524,299, hizo 11 za ziada ni kichwa cha mafaili ya Cloanto yaliyosimbwa, nayo yanahitaji faili la rom.key likae kando yake. Ukiwa na mafaili mawili ya 262,144 kutoka Amiga 1200, jua kwamba mashine hiyo ilitumia chipu mbili, kila moja ikibeba biti 16 kati ya 32. Aliyezisoma kwa kifaa cha kusomea chipu anatakiwa kuyasuka pamoja, baiti mbili huku na mbili kule. Na ukubwa ukiwa sahihi lakini bado inakataliwa, huenda kila jozi ya baiti imegeuzwa nyuma mbele.

CD32 ya mwaka 1993 inataka faili la pili, ROM ya nyongeza. Bila hilo haitafika popote.

Cha kujifunza

Tofauti kati ya Spectrum na Amiga haikuletwa na ufundi. Upande mmoja mwenye mali alikuwepo, akaulizwa, akajibu. Upande wa pili mwenye mali alikufa kabla ya kuulizwa, na warithi wakabaki wakivutana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi tunaoandika programu hapa nyumbani tunahusika pia. Mfumo wa hospitali, wa chama cha akiba au wa shule unaweza kuishi kuliko kampuni iliyouandika. Kabla ya kukabidhi kazi, andikeni kwenye mkataba: kampuni ikifungwa, msimbo ni wa nani, na nani ataruhusiwa kuuwasha tena?