Baa chini ya Matao ya Reli, London

Matao haya, yaani kuta za matofali zilizopinda juu ili kubeba uzito mkubwa, ni sehemu ya reli ya London and Greenwich, reli ya kwanza ya abiria jijini London, ambayo kipande chake cha mwanzo kilifunguliwa mwaka 1836. Mhandisi George Landmann aliiinua njia nzima juu ya matao 878 ili treni zisikatize barabara za vitongoji. Kampuni ilitarajia kuyapangisha kama nyumba, lakini kelele na maji yaliyopenya matofalini viliwafukuza wakazi, na nafasi hizo zikawa maghala, mazizi na karakana.

Mwaka 2009, watengenezaji wadogo wa bia walianza kuhamia matao haya katika eneo la Bermondsey, ambako leo baa hujaa wateja, hasa Jumamosi. Mabati yaliyopinda, yanayofunika dari nyingi, huyaelekeza maji kwenye mifereji, huku treni zikiendelea kupita juu. Urithi huu unastahili kulindwa kwa sababu bado unawatumikia wasafiri na wafanyabiashara kwa pamoja.