Subira si Kunyamaza

Mwari anapokaa na somo wake kabla ya ndoa, neno analosikia mara nyingi ni "vumilia". Wanawake wa Dar es Salaam wana historia inayoonyesha kuwa mtu havumilii peke yake.

Miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa mji ule walikuwa na vikundi vya lelemama. Havikuwa vya ngoma tu. Wanachama walisaidiana kwenye harusi na misiba. Humo ndimo alimotoka Bibi Titi Mohamed, aliyeozwa akiwa binti mdogo, ambaye mwaka 1955 aliwaingiza wenzake TANU kwa maelfu.

Sheria ya Ndoa ya Bara ya 1971, kifungu cha 66, ilitamka kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Hata hivyo, utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 ulikuta kuwa Dar es Salaam, katika kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenza, 41 wamefanyiwa ukatili naye, wa kupigwa au wa kingono.

Anayesimama tena huhitaji ndugu wa kumpokea, akiba yake ya upatu au kikoba, na mahali pa kushtaki. Leo polisi wana dawati la jinsia, na Temeke ipo mahakama jumuishi ya ndoa na mirathi.

Mtume wetu (S.A.W.) hakuwahi kumpiga mwanamke. Basi bibi harusi, subiri kwa Mola wako, lakini dhuluma usiifiche. Wala usiwaache mashoga zako.