Ambreyaji ya moto: namna ya kuchagua piesi mbele ya kulipa

Kwa dereva wa taksi-moto pale Malemba-Nkulu, ambreyaji haifi kwa siku moja. Inaanza kwa kuteleza kidogo: motere inalia kwa nguvu, moto yenyewe haisogei sawa vile zamani. Kisha siku moja, katika muchanga wa njia ya Mulongo, abiria nyuma na mifuko ya samaki wakavu juu ya porte-bagage, inakataa kabisa. Kama abiria huyo ni mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitalini usiku, jambo haliko tena la piesi tu.

Kuchagua vibaya kunaumiza huku kushinda Lubumbashi. Kule mutu akikosea kipimo, anarudi kwa muuzaji mchana uleule. Huku piesi nyingi zinatoka mbali, kwa treni hadi Luena ao Bukama, kisha kwa lori ao kwa mtumbwi wa motere juu ya Lualaba. Diski ikifika haiingii, siku zinaenda bure, na bosi mwenye moto anangoja pesa yake ya kila jioni.

Jambo la kwanza ni kujua kama ambreyaji kweli imekufa. Diski nyingi zinabadilishwa bure, kumbe ni kable. Mkono wa ambreyaji unapashwa kucheza kidogo mbele ya kuanza kuvuta, kama milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha yake. Kable ikikazwa sana hadi mkono hauchezi, ni sawa vile dereva anashika ambreyaji nusu saa zote, na hata diski mpya itaungua. Ikilegea sana, inakuwa kinyume: vitesi zinaingia kwa kelele, moto inataka kutembea hata mkono umevutwa, na nyutro inakuwa shida kupata. Kisha kurekebisha kable, dereva ajaribu hivi: atembee kwa vitesi ya juu, mwendo wa katikati, halafu afungue gazi kwa ghafula. Motere ikipanda peke yake bila moto kuongeza mwendo, ambreyaji inateleza.

Bado, mbele ya kufungua motere, aulizwe mafuta gani yako ndani. Katika moto hizi za kazi, Bajaj Boxer, TVS, Haojue na ndugu zao, ambreyaji inaogelea ndani ya mafuta yaleyale ya motere. Haiko sawa na ya gari, yenye diski moja kavu. Mafuta mengine ya gari yamechanganywa na dawa ya kupunguza msuguano. Ni mazuri kwa gari, lakini diski za moto zinaishi kwa msuguano. Kwenye bidoni ya mafuta ya moto kunaandikwa JASO MA ao MA2, kipimo cha Wajapani kilichotoka mwaka 1998. Yenye JASO MB ni ya skuta zisizo na ambreyaji ya namna hii. Mafuta yanayouzishwa kwa chupa ya maji kando ya barabara hayana maandishi yoyote, na hapo mutu ananunua kwa imani tu. Mara nyingine kubadilisha mafuta peke yake kunamaliza kuteleza, kama diski hazijaungua.

Fundi akifungua, kuna vitu vine vya kuangalia, na wengi wanaangalia kimoja tu. Diski zenye garnitiri ndizo kila mutu anajua. Kwa moto za kazi, mpya ina unene wa karibu milimita 3, na ikipungua sehemu chache tu za kumi za milimita moja, imekwisha. Jicho halitoshi hapo, kipimo cha fundi kinahitajika. Kati yake kuna diski za chuma. Ikiwa moja imekuwa rangi ya buluu, iliona moto mkali. Ilazwe juu ya kioo: ikicheza-cheza imepinda, na kuweka diski mpya juu ya chuma kilichopinda ni kutupa pesa. Resori nazo zinachoka na kuwa fupi. Zisimamishwe zote pamoja mezani karibu na mpya, na zibadilishwe zote, si moja moja.

Cha nne ni kloshi, na hiki njo kinasahauliwa. Meno ya diski yanapiga vidole vya kloshi mpaka yanachimba vijishimo. Diski zinakwama humo, ambreyaji haiachi vizuri, moto inaruka kila ikianza. Fundi atabadilisha diski mara tatu, shida itabaki. Kupiga lima kidogo kunasaidia kama vijishimo ni vidogo. Vikiwa virefu, ni kloshi nyingine.

Kuagiza kwa jina la moto tu ni hatari, kwa sababu jina moja linaweza kubeba motere za namna mbili ao tatu. Diski za zamani zipelekwe zenyewe, ao picha yake itumwe kwa simu pamoja na hesabu: diski ngapi, meno mangapi, upana wa nje, unene. Hata pakiti yenye jina la kiwanda haitoshi kuwa ushahidi. Garnitiri inayobomoka kwa ukucha, vipande visivyo na nafasi sawa kati yake, diski mbili za pakiti moja zenye unene tofauti: hiyo irudishwe palepale.

Wauzaji wengine wanasifu resori nguvu, eti za mizigo. Ni swali lilelile la wenye magari ya mbio wanaoyaendesha kila siku kazini: ambreyaji ya mashindano inashika sana, lakini pedali inakuwa nzito na gari linaruka kila linapoanza. Kwa moto, resori nguvu kupita kiasi zinachosha mkono na kukata kable mbele ya wakati. Dereva anayesimama na kuanza mara nyingi kwa siku afadhali achukue resori za kipimo cha kiwanda.

Kuna pia ugomvi wa nani alipe. Bosi anasema dereva ameunguza, dereva anasema piesi ilikuwa mbaya. Diski za zamani zisitupwe, maana zinasema. Chuma cha buluu na harufu ya kuungua mara nyingi ni mkono uliovutwa nusu kwa muda mrefu katika muchanga ao matope, ao kable iliyokazwa sana. Garnitiri iliyoisha sawasawa pande zote, chuma kikiwa cheupe, ni uzee tu, na hiyo haipashwi kukatwa kwenye pesa ya dereva. Garnitiri iliyobanduka ikiwa bado nene, muuzaji ndiye wa kuulizwa kwanza.

Diski mpya zilale katika mafuta masafi usiku mmoja mbele ya kuingia; zikiwekwa kavu zinaweza kuungua mapema. Bulo za resori zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Kisha siku chache za kwanza ni abiria mmoja, bila mifuko.